Tusitupe Kabla ya Kuchekecha

Somo la mwezi kwa familia na vikundi vya nyumbani
Someni pamoja: Isaya 5:1-5, Nehemia 4:1-10 na 6:15, Yohana 6:12, Waebrania 12:14-15



Somo la mwezi huu linahusu udongo. Wengine watashangaa na kuuliza, je, kanisa limeacha Injili na kufundisha kazi ya beleshi? Hapana. Lakini katika makazi haya ya Nakivale hakuna familia ambayo haijachimba. Tukionyeshwa kiwanja tunachimba msingi wa nyumba, tunachimba choo, tunachimba mahali pa kutoa matofali, tunachimba mtaro wa maji ya mvua. Vijana wetu nao wameanza kupata vibarua vya kutengeneza viwanja: kusawazisha ua wa shule, kutengeneza njia za miguu, kupanda maua na majani mbele ya zahanati na ofisi. Kila tunapochimba linabaki lundo la udongo, nalo tunaliita kifusi. Swali la somo letu ni hili: kifusi hicho kinakwenda wapi?

1. TUANZE KWA KUUNGAMA

Hatuwezi kufundisha jambo hili bila kusema kosa letu wenyewe. Kabla ya mvua zilizopita tulisawazisha upande wa chini wa ua wa kanisa ili watoto wa Shule ya Jumapili wapate mahali pa kukaa. Siku hizo hizo vijana walichimba shimo la choo kipya. Kazi ilikwenda vizuri, nasi tukamshukuru Mungu. Lakini udongo wote, wa juu na wa chini, pamoja na mawe na mizizi, tuliusukuma pembeni penye mteremko. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza maji yatapita wapi.

Mvua kubwa ya kwanza iliuchukua udongo ule ikaupeleka katika shamba la maharage la mama mmoja jirani. Mama huyo si wa kanisa letu, wala si wa kabila la wengi wetu. Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua, na mistari mitatu ya juu ilifunikwa yote. Jumapili, ibada ilipokwisha, alikuja akasimama mlangoni na miche michache mkononi, imejaa tope jekundu. Hakutukana. Alisema tu kwamba amekuja kutuonyesha.

Sisi wazee wa kanisa tulimjibu, "Pole mama, lakini mvua ni ya Mungu."

Naye akasema, "Mvua ni ya Mungu, ila udongo ni wenu." Akaondoka.

Neno hilo lilitunyima usingizi. Tulikuwa tumemsingizia Mungu kazi ya mabeleshi yetu. Zaidi ya hayo, wapo waliokuwa wanaangalia kama tungemjibu hivyo mama wa kabila letu. Siku ya tatu tulikwenda kwake. Tuliomba msamaha mbele ya watoto wake, tukaondoa tope kwa mikono kati ya mistari iliyobaki, na wazee wakachanga mbegu apande tena. Alitupokea, akatupa maji ya kunawa. Baada ya hapo tuliwaomba mafundi na wakulima walio kati yetu, waliozoea kazi hizi huko tulikotoka, watufundishe namna ya kutunza kifusi. Mengi ya somo hili yametoka kwao.

2. NENO LA MUNGU LINATUFUNDISHA NINI

Katika Isaya 5 nabii anasimulia habari za mwenye shamba la mizabibu. Hesabuni kazi zake kwa utaratibu wake: kwanza alilichimba shamba, pili akayatoa mawe, ndipo akapanda. Tena akajenga mnara, na mstari wa 5 unaonyesha kwamba shamba lilikuwa na ukuta. Biblia haisemi mawe yale yalipelekwa wapi. Lakini mtu yeyote aliyelima vilima vya mawe anajua jibu. Jiwe linalozuia jembe ndilo linalofaa ukutani. Hata leo katika vilima vya Yudea zinaonekana kuta za mawe zinazoshikilia udongo wa mashamba usiteremke.

Katika Nehemia 4 tunalikuta neno lenyewe, kifusi. Mji wa Yerusalemu ulikuwa umebomolewa na kuchomwa. Sanbalati aliwacheka Wayahudi kwamba wanataka kuyafufua mawe yaliyoungua kutoka katika malundo ya vumbi. Kisha, katika mstari wa 10, watu wa Yuda wenyewe wakalia kwamba wachukuzi wamechoka na kifusi ni kingi, hawataweza kujenga. Angalieni: adui na ndugu walitazama lundo lile lile, na wote wakaona uchafu mtupu. Lakini 6:15 inatuambia ukuta ulikwisha kwa siku 52. Dhihaka ya Sanbalati yenyewe inatuonyesha kwamba mawe yalikuwa yanatolewa katika kifusi kile.

Na katika Yohana 6:12 Bwana wetu, baada ya kulisha maelfu, aliagiza mabaki yakusanywe, kisipotee kitu. Yeye aliyeweza kuongeza mikate hakuruhusu makombo yatupwe. Sisi tunaopimiwa chakula tutawezaje kutupa?

3. NAMNA YA KUIFANYA KAZI

a) Kabla ya kuchimba, amueni lundo litakaa wapi. Liwe mahali tambarare, mbali na njia ya maji, mbali na ukuta wa nyumba na shina la mti. Udongo ukiegemea ukuta unaleta unyevu na mchwa. Lisikae kwenye mdomo wa shimo; liache nafasi ya mita 1 au zaidi, kwa maana uzito wake unaweza kubomoa kingo. Mita moja ya ujazo ya udongo uliochimbwa ina uzito wa zaidi ya tani moja, na mtu aliyefukiwa hatoki kwa nguvu zake. Asiingie mtu katika shimo refu peke yake, na watoto wasicheze karibu.

b) Tengeni udongo wa juu na udongo wa chini. Udongo wa juu ndio mweusi kidogo, wenye mizizi na wadudu wadogo, nao ndio unaolisha mimea. Mahali pengi unaishia sentimita 15 hadi 30 tu. Chini yake ni udongo mwekundu au wa njano, mgumu, usio na chakula cha kutosha kwa mmea.

Tufanye hesabu. Shimo la choo lenye upana wa mita 1 kwa mita 1 na kina cha mita 3 linatoa mita 3 za ujazo. Udongo ukichimbwa unavimba, mara nyingi kwa karibu robo, kwa hiyo lundo litakuwa kama mita 3.75 za ujazo. Toroli moja inachukua karibu lita 60. Basi ni toroli kama 62. Katika hizo, ikiwa udongo wa juu ni sentimita 20, toroli za udongo mzuri ni 4 tu! Ukizichanganya hizo 4 na zile 58 umezipoteza, wala hakuna chekeche litakalozirudisha, kwa sababu chekeche linatenga ukubwa, halitengi rutuba. Kwa hiyo mkato wa kwanza wa beleshi ndio wa thamani kuliko yote. Wekeni udongo huo peke yake juu ya turubai kuukuu au magunia, lundo lisizidi mita 1 kwenda juu, msiukanyage, na ufunikwe kwa majani makavu mvua isiuchukue.

c) Tengenezeni chekeche. Ni fremu ya mbao, urefu wa mita 1.5 na upana wa mita 1, iliyopigiliwa wavu wa chuma. Kwa udongo wa bustani tafuteni wavu wenye matundu ya milimita 10 hadi 12, ambamo ncha ya kidole kidogo inapita kwa shida. Kwa udongo wa kupiga lipu ukutani, milimita 5, ambamo punje ya mahindi haipiti. Wavu mwembamba wa kufugia kuku unalegea upesi kwa uzito. Ukikosa mwingine, upigilie mbao za msalaba kwa nyuma. Chekeche moja linatosha nyumba nyingi, kwa hiyo kikundi kinaweza kuchanga na kulitumia kwa zamu.

d) Chagueni siku. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Kwa mfinyanzi ni kweli, lakini kwa mwenye chekeche ni kinyume chake. Udongo wenye maji mengi unaziba matundu, na mkiulazimisha unashikamana kama saruji. Chukua udongo kiganjani, ukaze, kisha uguse kwa kidole. Ukimeguka kwa urahisi, anza kazi. Ukibaki bonge linalong'aa na kunata, ngoja siku moja au mbili. Ukiwa vumbi tupu, nyunyiza maji kidogo na funga kitambaa puani.

e) Simamisheni chekeche kwa kuliegemeza kwenye miti miwili, likiinama kati ya nyuzi 45 na 60. Rusheni udongo sehemu ya juu ya wavu. Udongo laini utapita nyuma, mawe yatateremka mbele. Likisimama wima mno, udongo mzuri unateremka pamoja na mawe. Likilala mno, linaziba. Mawe makubwa yaondoeni kwa mkono kwanza ili yasikate wavu. Vaeni viatu, kwa kuwa vioo, misumari na minyoo vipo katika udongo.

f) Jueni mlicho nacho. Jaza udongo theluthi moja ya chupa inayoonekana ndani, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, kisha iache mpaka kesho yake. Mchanga unatua chini katika dakika chache, tope laini linafuata, mfinyanzi unakaa juu mwisho wa yote, na mabaki ya majani yanaelea. Mfinyanzi ukiwa mwingi, udongo huo unafaa matofali kuliko mboga. Mchanga ukiwa mwingi, unahitaji samadi nyingi ili ushike maji.

4. KILA KITU NA MAHALI PAKE

Udongo wa juu uliochekechwa: ni wa bustani. Kwa mboga na maua changanyeni sehemu 3 za udongo na sehemu 1 ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi inachoma mizizi. Wenye kiwanja kidogo wanaweza kujaza gunia, wakiweka nguzo ya mawe madogo katikati ili maji yafike mpaka chini, kisha watoboe matundu ubavuni na kupanda sukuma au mchicha.

Udongo wa chini uliochekechwa: ni wa matofali, lipu ya udongo, na kuinua sakafu ya nyumba. Unafaa pia kuzungushia msingi ili maji ya mvua yaondoke ukutani: mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita 1 unatosha. Mkijaza mahali, jazeni tabaka la sentimita 15, nyunyizeni maji kidogo, shindilieni, ndipo mweke tabaka lingine. Mkijaza yote kwa mara moja, patabonyea mvua ikija.

Mawe madogo: ni ya njia za miguu na ya kuweka chini ya bomba la maji pasiwe na tope.

Mawe makubwa: ni ya kingo za njia na vitanda vya maua, ya kupanga katika mtaro ili maji yasikimbie kwa kasi, au ya kujaza shimo la kunyonya maji ya kuogea.

Kifusi kinachobaki kabisa: kirudi katika mashimo tuliyotoa matofali. Mashimo hayo yakiachwa wazi yanajaa maji, yanazaa mbu wa malaria, na ni hatari kwa mtoto anayepita. Wapendwa, tukijenga nyumba yetu kwa matofali na kuacha shimo kwa jirani, bado hatujamaliza kujenga.

Ndugu zetu waliotoka Goma hawahitaji kuhubiriwa juu ya mawe. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka, na moto wake ukapita katikati ya mji. Ulipopoa ukawa mwamba mweusi juu ya nyumba na maduka. Watu walirudi, wakavunja mwamba ule ule kwa nyundo, wakajengea misingi na kuta. Kilichofunika nyumba zao kikawa msingi wa nyumba nyingine.

5. UDONGO AMBAO HATUUTUMII TENA

Siyo kila kitu kinachekechwa. Udongo wa choo cha zamani usiguswe; mayai ya minyoo yanaweza kuishi ardhini miaka mingi. Choo kikijaa kifunikwe kwa udongo mwingi wa chini, na juu yake unaweza kupandwa mti. Udongo wa jalala, wa mahali palipomwagika mafuta ya injini, palipotupwa betri, au palipochomwa sindano na dawa za zahanati, usipelekwe kwenye mboga hata kama ni mweusi na unapendeza. Na kwa wale watakaorudi nyumbani mahali palipokuwa na vita: ukikuta chuma usichokijua ardhini, usikipige wala usikisogeze. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, toa taarifa kwa wakubwa wa mahali.

6. NENO KWA VIJANA WENYE VIBARUA

Kikundi kimoja cha vijana wetu kilipewa kazi ya kutengeneza ua wenye vitanda vya maua. Walichimba njia, wakajaza vitanda kwa udongo mwekundu wa chini, wakapanda, wakalipwa. Siku ile palipendeza. Baada ya majuma machache maua yakawa ya njano na udongo ukakauka kama tofali. Mwenye kazi aliwaita. Wengine walitaka wasiende, kwa kuwa pesa zilikwisha kuliwa. Tuliwashauri waende. Walitoa udongo ule sentimita 20, wakaweka udongo wa juu uliochekechwa pamoja na samadi, bila malipo. Siku zile ziliwauma, lakini hawakuharibu jina lao.

Vijana wetu, kabla ya kupatana bei, pimeni shimo na fanyeni ile hesabu ya toroli. Semeni wazi mbele ya mwenye kazi: udongo utapelekwa wapi, nani ataubeba, na mawe ni ya nani. Vilivyochimbwa katika ua wa mtu ni vyake mpaka aseme chukueni. Na msimwage kifusi katika mtaro usiku ili kumaliza kazi upesi. Maji ya mvua yanateremsha udongo mpaka bondeni na ziwani, na maji ya ziwa hilo ndiyo wengi wetu tunayokunywa.

7. VITU VITATU VINAVYOBAKI JUU YA CHEKECHE

Tulipokuwa tunachekecha kifusi cha kanisa, tuligundua kwamba vinavyobaki mbele ya wavu si vya aina moja. Viko vitatu, na kila kimoja kilituhubiria.

Jiwe. Jiwe si baya, ila haliko mahali pake. Kuna mambo tuliyokuja nayo ambayo hapa yanaonekana mzigo: lugha zetu, ufundi ambao hauna kazi hapa, kumbukumbu za kwetu. Baadhi ya wazazi wameacha kusema na watoto lugha ya nyumbani, wakiona haina faida. Wapendwa, jiwe lisilofaa bustanini linafaa msingini. Msilitupe, litafutieni mahali.

Mzizi. Ile mizizi myeupe ya magugu ni hatari kuliko jiwe. Kipande kidogo kikirudi kitandani kinachipua tena na kujaza bustani yote. Waebrania 12:15 inatuonya juu ya mzizi wa uchungu unaochipuka na kuwatia wengi unajisi. Sisi tuliokimbia tunao mzizi huo. Tumeona mambo mazito, na wengine wetu wanajua kabisa waliotenda ni akina nani. Hatusemi uchungu huo ni wa bure. Tunasema usizikwe tena ndani ya watoto. Mzizi unaanikwa juani siku nyingi mpaka ukauke kabisa, ndipo unatupwa kwenye mboji. Nasi tuuweke wazi mbele za Bwana, katika maombi na katika mazungumzo na mtu tunayemwamini, hata kama itachukua muda. Mama jirani alipotuambia udongo ni wetu, alituonyesha pia mzizi huu. Tulimjibu upesi kwa sababu hakuwa mtu wetu.

Bonge. Hili ndilo lililotushtua. Bonge likiteremka mbele ya wavu linafanana na jiwe, nasi tulikuwa tunalitupa na mawe. Fundi mmoja mzee akatuzuia. Alilichukua, akalinyunyizia maji, akangoja kidogo, akaligonga kwa mgongo wa beleshi. Likafunguka, likawa udongo mweusi mzuri kuliko ule uliopita. Ni udongo mwema uliokauka kwa jua na kukanyagwa. Je, ni wangapi kati yetu wako hivyo? Kijana aliyeacha kuja kanisani, baba anayekunywa tangu alipopoteza familia yake, mama asiyemsalimia mtu. Tumewahesabu kuwa mawe. Hawahitaji kupigwa, wanahitaji maji na subira kwanza.

8. "LAKINI ARDHI SI YETU"

Wapo wanaosema, "Mchungaji, kwa nini tuhangaike na udongo wa nchi ya watu? Kesho tunaweza kuondoka." Ni kweli, kiwanja tulichopewa ni cha kutumia, si cha kuuza. Lakini someni Yeremia 29:5-7. Barua ile ilipelekwa kwa watu waliohamishwa kwa nguvu, nao wakaambiwa wajenge, wapande bustani, wale matunda yake, na wautafutie amani mji walipo. Hawakuambiwa wangoje kwanza warudi kwao. Tena udongo mzuri tutakaouacha utamlisha atakayekuja baada yetu, na ujuzi wa kuutunza tutaondoka nao, hata kama hatutabeba kitu kingine.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kifusi cha nyumba yetu kiko wapi leo? Mvua ikinyesha kitakwenda kwa nani?
2. Soma Nehemia 4:1-10. Kwa nini ndugu waliona sawasawa na adui alivyoona?
3. Katika familia yetu, jiwe ni nini, mzizi ni nini, na bonge ni nani?
4. Je, kuna jirani tuliyemwambia "ni mapenzi ya Mungu" kumbe ni kosa letu?

KAZI YA MWEZI HUU

Kila kikundi cha nyumbani kichague lundo moja la kifusi, kilichekeche, na kifukie shimo moja la matofali lililo wazi. Chekeche la kanisa lipo kwa mzee wa zamu. Atakayelichukua alirudishe jioni, likiwa safi. Udongo wa juu utakaopatikana kwanza utapelekwa kwa wajane na wazee wasio na nguvu ya kuchimba. Mama jirani amekubali kutuonyesha namna anavyojaza magunia yake ya mboga, na wote mnakaribishwa.

TUOMBE

Bwana Mungu, uliyemuumba mtu kwa mavumbi ya ardhi, utusamehe kwa yote tuliyosukuma upande wa jirani. Utupe macho ya kutambua jiwe, mzizi na bonge, na mikono yenye subira. Uibariki ardhi hii na watu wake waliotupokea. Uwakumbuke ndugu zetu waliobaki nyumbani. Katika jina la Yesu, amina.